Swali la Mzee wa Kola

Mwigbo yeyote mgeni aliyepanda ngazi za mkahawa wangu siku ya Jumapili aliulizwa ametoka wapi kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Kutaja Nigeria hakukutosha, wala kutaja jimbo. Mzee alitaka mji, kisha kijiji, kisha kitongoji, kisha ukoo ndani ya kitongoji, na akishafika huko alinyamaza akimkodolea mtu macho kama daktari anayesubiri kipimajoto. Wengine walijibu huku wanacheka, wakidhani ni maongezi ya kukaribishana. Yeye sikuwahi kumwona akicheka wakati wa kuuliza.

Sisi Watanzania tulimwita Mzee wa Kola. Wenzake walimwita Nna anyi, yaani baba yetu, hata wale waliokuwa wanamtukana wakishafika chini barabarani. Alizaliwa lini na nani alimzaa, hayo sikuyajua na sikuyauliza, maana kuuliza ilikuwa kazi yake. Nilimjua kama mpangaji wangu wa Jumapili. Mimi ni mtu wa Tanga, na mkahawa wangu uko ghorofa ya tatu nyuma ya masoko ya nguo ya Liuhua, hatua chache tu kutoka stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, huku China. Siku za kazi nawapikia pilau na samaki wafanyabiashara wa kwetu. Jumapili, Waigbo wakishatoka kanisani, nilikuwa nawapa ukumbi wakutane, na mkutano wao haukuanza mpaka kola ibarikiwe.

Kola yenyewe ni mbegu tu, chungu, ya kutafuna. Huku Guangzhou inakuja ndani ya mabegi ya wasafiri, imefungwa kwenye majani na magazeti yaliyoloa ili isikauke. Kwa Mzee ilikuwa ndiyo mkutano wenyewe. Sahani ya mbao ilizungushwa kwa wanaume mmoja mmoja kwa kufuata udugu wa miji yao, kila mmoja akaiona na kuigusa, mpaka ikarudi kwake. Hapo alisimama, akaishika mbegu kwa mkono wa kulia na kuomba kwa Kiigbo. Aliyethubutu kuitikia kwa Kiingereza alikatwa kauli, kwa sababu kola haisikii lugha ya watu wengine. Ikishapasuliwa walihesabu vipande vyake. Vikiwa vinne walifurahi, kwa ajili ya siku nne za soko za kwao. Vikiwa viwili haikuliwa.

Jumapili yangu ya kwanza sikuyajua hayo. Kijana mmoja alinikabidhi mfuko wa kola jikoni, nami kwa ukarimu wangu wa pwani nikaziosha, nikazikatakata kwa kisu vipande vidogo vidogo kama karoti za kachumbari, nikazipanga vizuri kwenye sahani na kuzibeba mwenyewe mpaka mezani. Mwanamke hapasui kola, na hapo mimi nilikuwa nimeipasua yote, mfuko mzima, kwa kisu cha vitunguu. Mzee aliitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akawaambia watu wake waende nyumbani, leo hakuna mkutano. Walitii, na njaa zao, na sufuria yangu kubwa ya supu ya majani machungu ikapoa jikoni. Kabla ya kushuka aliniambia kwamba mume wangu, popote alipo, amefanya vizuri kuniacha.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijua panapouma na alipabonyeza hapo hapo. Ugali wangu alisema ni wa kujengea ukuta. Kijana aliyenenepa baada ya biashara kukubali aliulizwa mbele ya mkewe mimba yake ni ya miezi mingapi. Muuza soksi wa Kichina kule chini, mtu mpole, alipomrudishia chenji kwa mkono wa kushoto, Mzee aliiacha ikadondoka sakafuni. Alisubiri mpaka yule bwana akainama, akaiokota, akampa kwa mkono wa kulia. Kichina chake hakikuzidi maneno machache. Alilolipenda ni moja, mei you, hakuna, lile ambalo wauza duka wa hapa wanakutupia wakiwa hawataki kuhangaika nawe. Alilitumia kwa kila kitu. Ukimwomba radhi, mei you. Ukimwomba akupunguzie maneno, mei you.

Na bado watu walimfuata. Kazi yake ilikuwa spea za pikipiki, na hakuna mtu aliyejua bandari ya Nansha kumshinda. Kontena la mtu likikwama ni yeye aliyekwenda kusimama kwenye madirisha ya maofisa mpaka litoke, na hakuchukua kitu. Kuna kijana wao alifariki hapa kwa homa, wala hakuwa na ndugu huku. Mzee ndiye aliyeuosha mwili kwa mikono yake. Alishinda hospitali akigombana na watu wa karatasi mpaka marehemu akapandishwa ndege kurudi kwao, maana kwao mtu kuzikwa ugenini ni sawa na kutupwa. Nilimwona siku ile macho yamemwiva mekundu na nikasema moyoni, kumbe. Jumapili tukakusanyika kumlilia yule kijana. Wanawake walipoanza kupaza sauti Mzee aliwanyamazisha. Alisema marehemu hakuacha mke wala mtoto, na mtu wa namna hiyo haliliwi kilio kizima. Dada yake alikuwa kwenye simu kutoka nyumbani, akisikiliza.

Asubuhi alikuwa kanisani, rozari mkononi, safu ya mbele. Mchana alikuwa kwangu akimmiminia pombe kali Ala, ambaye ndiye ardhi yenyewe, mwenye kuadhibu wanaovunja miiko yake. Mwanzoni aliimimina kwenye vigae vyangu. Nilimwambia chini ya vigae vile kuna mwanamke anauza sidiria, na chini yake kuna mwingine anauza viatu, na ardhi iko mbali. Wiki iliyofuata alikuja na ndoo ya rangi iliyojaa udongo alioukwangua kwenye bustani ya barabarani. Nikamuuliza kama Ala anaujua udongo wa Kichina. Alisema udongo ni udongo. Nikasema basi na watu ni watu. Akaniambia nikaangalie sufuria yangu, inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

Nilimchukia na nilimpenda kidogo, na huko kumpenda ndiko kulikonikera. Nilikuwa nimezoea kugombana naye. Mtu akiishi ugenini miaka mingi, anayemtukana kila wiki kwa uaminifu anakuwa kama ndugu.

Sasa nimseme Nkechi. Alikuwa msusi, Mwigbo pia, na nilimpa kona ya mkahawa karibu na dirisha aweke kiti chake na kioo. Alijifunza Kiswahili kwenye vichwa vya wateja wetu mpaka akawa anasengenya nacho. Aliniita dada. Alikuwa na mikono myepesi na kicheko cha kushtua watu. Mwenzake mmoja muuza viatu, Obinna, alianza kuja kunywa chai karibu na dirisha lile ingawa chai yangu alikuwa haipendi. Ikafika mahali wakataka kuoana. Kwao kabla ya ndoa kuna upelelezi. Upande wa mwanamume unatuma watu wakaulize taratibu, hawa watu ni wa aina gani, wana ugonjwa gani, wana damu gani. Huku ugenini mpelelezi alikuwa mmoja tu.

Kuna neno ambalo nilikuwa nalisikia likisemwa kwa sauti ya chini hapo ukumbini bila kulijua. Osu. Nkechi ndiye aliyenieleza, siku moja akiwa anamsuka mtu, kama anayenieleza mambo ya kale. Osu ni mtu ambaye babu yake wa zamani aliwekwa wakfu kwa mungu wa mahali, awe alitolewa na wenzake, awe alikimbilia mwenyewe kwenye mzimu kuponya roho yake. Tangu hapo yeye na kizazi chake ni mali ya mungu yule. Mzaliwa huru haoi kwao wala haolewi kwao, na akifanya hivyo basi na yeye anakuwa osu, na watoto wake, na watoto wa watoto wake. Sheria imeshakataza kitambo, alisema, na makanisa yanahubiri. Kisha akasema, lakini watu wanauliza tu. Aliyasema hayo bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua anatoka kwa nani.

Mzee alimuuliza kitongoji chake naye akakitaja. Jina lenyewe sitaliandika, limeshaumiza vya kutosha. Mzee akampigia simu rafiki yake wa nyumbani, mzee mwenzake.

Jumapili iliyofuata Obinna alivaa kofia nyekundu na Nkechi alivaa kitenge kipya. Kola ya posa ilikuwa mezani. Sahani ikazungushwa, ikarudi kwa Mzee. Alisimama na kuichukua mbegu moja. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na nikaona watu wanainamisha vichwa kungojea dua. Hakuomba. Aliirudisha ile mbegu kwenye sahani, akaisukuma sahani mpaka ikafika mbele ya Nkechi, akasema maneno machache kwa Kiigbo. Katika hayo nililijua moja.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo ninalolikumbuka. Mwanamke aliyekaa pembeni ya Nkechi, ambaye Nkechi alikuwa amemsuka jana yake, aliutoa mkoba wake kwenye kiti cha Nkechi na kuupakata. Kisha akasogeza kiti, taratibu, kwa adabu. Obinna alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vizuri sana. Nkechi alimwita jina lake. Alimwita tena. Obinna akasema atazungumza na Baba, akimaanisha Mzee, na akabaki amekaa.

Nilimfuata Mzee stoo kwake kesho yake, nikamtukana kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakikunitosha. Alikuwa anapanga minyororo ya pikipiki kwenye maboksi. Aliniacha nimalize, halafu akasema desturi ile hakuitunga yeye, aliikuta. Akaniuliza kama kwetu Tanga hakuna watu ambao wengine hawaoi kwao. Nikapiga teke boksi moja na kuondoka, na kidole changu cha mguu kikauma wiki nzima.

Wateja wa Nkechi wa Kiigbo walikoma. Mmoja alikuja kuchukua rasta alizokuwa ameziacha ili asukwe baadaye. Alizipokea kwa ncha za vidole, mbele ya wateja wangu, na akasema asante. Hata kanisani, Nkechi aliniambia, benchi lake lilikuwa na nafasi. Alihimili kwa muda, halafu akakibeba kiti chake na kioo chake akahamia Foshan, mji wa pili hapo, ambako alisema hakuna anayemjua babu yake. Tulibaki tunapigiana simu.

Baadaye alikuja kwangu mwanamke mmoja kununua chakula, yuko safarini kukusanya nguo za watoto, na kumbe ni wa mji mmoja na Nkechi. Nilimsimulia. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Vitongoji vya jina lile viko viwili, alisema, kimoja juu ya kijito na kingine chini. Wa chini ndio watu wa mzimu. Kina Nkechi ni wa juu, na ni katika ukoo wao anakotoka mtu wa kuonja viazi vikuu vipya kabla mji mzima haujaruhusiwa kula. Ni kosa la kijinga, na mtu wa mbali tu ndiye angelifanya.

Nilikimbilia simu nikimwona akilini Nkechi amesharudi kwenye kona yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake kizuri, kama angekuwa kweli wa kitongoji cha chini, je, ingekuwa sawa kumtenda vile. Nilisema sikumaanisha hivyo. Akasema anajua. Obinna naye kufikia wakati ule alikuwa ameshaletewa mchumba kutoka nyumbani, na Mzee alikuwa ameshabariki kola.

Nilimweleza Mzee habari ya vitongoji viwili, mbele ya watu, kwa makusudi. Alikuwa anakunywa supu. Aliinua mkono kunizuia na kusema mei you. Watu wakacheka, wakafurahi kucheka, na mkutano ukaendelea. Niliwanyima ukumbi kuanzia wiki ile. Walipata mwingine mtaa wa pili.

Nilikaa muda mrefu bila kumwona. Nilisikia amepata kiharusi, kwamba mdomo umekwenda upande, kwamba kola sasa inabarikiwa na mtu mwingine anayeomba harakaharaka. Nilisikia anafunga mizigo kurudi nyumbani kabisa. Sikwenda kumwona. Ni yeye aliyeniita, asubuhi moja mwaka huu, nami nikapanda ngazi za nyumba yake na bakuli la uji kwa sababu sijui kumwendea mgonjwa mikono mitupu, hata huyo.

Chumba kilikuwa kimejaa maboksi yaliyofungwa. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mguu umevimba, mkono wa kulia umelala mapajani haufanyi kazi. Uji aliupokea kwa mkono wa kushoto. Nilimwangalia nikaona ameona kwamba nimeona.

Aliniita Madamu kama zamani. Akaniambia, bila utangulizi, kwamba yule rafiki yake wa simu alimpigia tena wiki ile ile, siku chache baada ya posa kuvunjika, akamwambia amechanganya vitongoji. Yaani alijua. Alijua Nkechi alipokibeba kiti chake kuhamia Foshan, na alijua aliponijibu mei you mbele ya watu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema nimekosea kwa huyo," alisema, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo, "wangeuliza na wale wengine."

Nilimuuliza wengine wangapi. Alikunywa uji.

Halafu akaniambia anachokitaka. Kumfanya mzaliwa huru kuwa osu ni kumkosea Ala mwenyewe. Mtu akirudi nyumbani kufa na kosa kama hilo, wazee waliomtangulia hawamfungulii mlango, na anabaki akitangatanga bila kupokelewa. Kila usiku anawaona, alisema, wamekaa, na hakuna anayemsogezea kiti. Alitaka kwenda ukumbini Jumapili kabla hajasafiri, asimame mbele ya wote, aseme alikosea, na apasue kola kwa jina la Nkechi. Lakini kwanza alitaka ruhusa ya Nkechi mwenyewe, na namba yake hana. Alikuwa analia, na kwa kuwa uso ulikuwa umepooza upande mmoja, alilia kwa jicho moja. Niseme kweli, niliona raha. Kisha nikaona huruma, kisha nikampigia Nkechi, kwa video.

Alikuwa jikoni kwake Foshan na mtoto mgongoni. Nilimpa Mzee simu mkononi. Alizungumza kwa Kiigbo kwa muda mrefu, na Nkechi hakumkatiza wala hakubadilika uso. Alipomaliza, Nkechi alimjibu kwa Kiingereza, kusudi nami nisikie.

"Baba, unajua kwamba nimeolewa?"

Alisema amesikia.

"Uliposema lile neno, hakuna mwanamume wa kwetu aliyekaa karibu nami tena kanisani. Alikuja mmoja. Aliniambia na yeye ni hivyo, kwamba hana la kunificha kwa kuwa sote tumeshajulikana. Mimi sikumwambia kwamba mimi siye. Nilikuwa nimechoka kusema kwamba mimi siye." Alimgeuza mtoto mgongoni ili aonekane. "Mume wangu ni osu, Baba. Wa kweli, huna haja ya kupiga simu. Na kwa desturi yako aliyeolewa nao ni wao, sivyo? Na huyu?"

Mzee alirudia habari ya Jumapili.

"Ukisimama Jumapili ukawaambia mimi ni mzaliwa huru, utakuwa unawaambia nini kuhusu baba yake huyu? Watakuja kunionea huruma. Watakuja kuniambia nimwache, bado sijachelewa." Hakuwa amepandisha sauti. "Usiwaambie ulikosea. Nenda nyumbani, na wakikuuliza hao wazee wako, waambie ulisema kweli. Sasa ni kweli."

Aliniaga mimi kwa Kiswahili, akaniuliza hali ya mkahawa, akakata.

Mzee alibaki ameshika simu yangu, anatazama kioo kilichozima. Nilidhani amepoteza fahamu. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuulizia wageni ukoo wao, akaniuliza kama mtoto yule ni wa kiume. Nilichukua simu mkononi mwake, nikachukua na bakuli langu, nikashuka.